Neno refu la kisayansi lianze kusomwa mkiani

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu na daftari la kemia. Yuko kidato cha pili, Jumatatu walikuwa na jaribio, basi akakaa kwenye meza ya chakula akafungua ukurasa ambao juu kabisa ameandika "electrolysis" kwa kalamu nyekundu na kupigia mistari miwili, akaanza kunisomea kwa sauti. Akasoma elektroLAIsisi. (Humu ndani kila penye mkazo naandika herufi kubwa, na matamshi nayaandika kwa Kiswahili chetu ili unayesoma usikie kile nnachosikia mimi.) Nikamwambia rudia. Akarudia vilevile, tena kwa kujiamini, na sikuwa na cha kumlaumu maana ticha wake anasema hivyo na mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka mingi tu.

Mi ni mtu wa maabara, ya hospitali, mwaka wa 11 huu. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na daktari mgeni kutoka nje, usiku mmoja ikabidi nimpigie simu wodini kumwambia damu ya mtoto aliyoituma imeharibika, chembe nyekundu zimepasuka ndani ya kichupa, kwa hiyo achukue nyingine. Hiyo hali inaitwa "haemolysis". Nikamwambia himoLAIsisi. Akauliza nini? Nikarudia polepole. Akauliza tena. Nikarudia kwa sauti ya juu, na kila nnapoongeza sauti ndo mkazo unazidi kukaa palepale pasipo pake, mwisho nikaachana na lile neno nikamwambia tu kwa Kiingereza cha kawaida kwamba seli nyekundu zimepasuka, hapo ndo akasema aah, hiMOlisis. Hakuwa na dharau, alikuwa hajanielewa kweli. Ila kuna mtoto mwenye homa alikuwa anasubiri na zile dakika zilikuwa zake. Niliporudi kwenye kiti changu niliumia sana, maana nimekaa na haya maneno toka kidato cha kwanza mpaka chuo na hakuna hata siku moja mtu aliniambia kwamba kuna kanuni.

Na kanuni ipo, wala sio ngumu kihivyo. Shuleni tunafundishwa neno refu kuanzia kichwani, tunaambiwa "bio" ni uhai, "photo" ni mwanga, "hydro" ni maji, "thermo" ni joto, na ni kweli inasaidia kupata maana. Lakini kichwa hakina mamlaka juu ya sauti. Mwenye mamlaka ni mkia, kile kiambishi cha mwisho, huo ndo unaamua mkazo ukae silabi gani, irabu ipi itamkwe kwa nguvu na ipi imezwe, na mara nyingine hata konsonanti igeuke iwe nyingine. Chukua "photograph" tu, neno la kila siku. Likiwa hivyo ni FOtograf. Ongeza mkia wa "-y" linakuwa foTOgrafi. Weka "-ic" linakuwa fotoGRAfik. Mzizi haujaguswa hata herufi moja lakini mkazo umetembea silabi tatu tofauti, na pale unapotoka irabu inabaki imelegea, ile "o" ya kwanza kwenye foTOgrafi Mwingereza haitamki kama o yetu hata kidogo, anaimeza. Mtu aliyekariri FOtograf akidhani ameshamaliza ukoo mzima, atakwama kwa mtoto wa pili.

Sasa kitu ambacho naona hatuambiwi ni kwamba sisi hii kazi ya mkia kuvuta mkazo tunaifanya toka tunajifunza kuongea. SOma. soMEsha. someSHAna. someshaNEni. Kila ukiongeza kipande nyuma mkazo unahama, na hakuna mtoto wa miaka minne anayekosea. Kwetu ni rahisi kwa sababu sheria ni moja, silabi ya pili kutoka mwisho basi, na zinazoasi ni chache kiasi kwamba vitabu vya sarufi vinarudia mfano uleule wa baraBAra ya magari na baRAbara ya kusema sawasawa. Kiingereza nacho kina sheria, tatizo ni kwamba kila mkia unakuja na amri yake. Ila ukikaa ukaipanga mikia ya kisayansi, unakuta mingi inaingia kwenye makundi mawili tu.

Kundi la kwanza linataka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Yaani kama Kiswahili kabisa! Humo kuna "-ic": jeNEtik, magNEtik, saienTIfik. Kuna "-tion": evapoREIshen, respiREIshen, fatilaiZEIshen. Kuna mikia ya hospitali, "-osis" ya hali au ugonjwa, tyubakyuLOsis, maiTOsis, ozMOsis, halafu "-itis" ya uvimbe na muwako, hepaTAItis, athRAItis, na "-oma" ya vivimbe, kasiNOma. Mswahili hapa angetakiwa aingie akiwa nyumbani. Lakini haingii, na sababu yake nimekuja kuiona baada ya muda mrefu wa kusikiliza watu. Sisi hatupendi neno liishie na konsonanti, tunalifunga na kairabu. "Electronic" tunaifanya elektroniki, "plastic" inakuwa plastiki, "operation" inakuwa operesheni. Ukishaongeza hako kairabu silabi zimeongezeka moja, na sheria yetu inahesabu kuanzia hapo: elektroNIki, plaSTIki, opereSHEni. Kwa Kiswahili hiyo ni sahihi kabisa na mtu asije akakwambia vingine, hayo ni maneno yetu sasa. Ila mtu akiwa anaongea Kiingereza na masikio yake bado yanahesabu ile "i" ya mwisho ambayo haipo, mkazo unaangukia hatua moja mbele ya unapotakiwa, anasema elektroNIK badala ya elekTROnik. Kwa hiyo unaweza kumsaidia mtoto kwa sentensi moja tu, mwambie ahesabu bila kuongeza irabu, halafu atumie sheria yake ya Kiswahili. Kwa "-ic" na "-tion" peke yake hapo umempa mamia ya maneno.

(Waasi wapo. "Arithmetic" likiwa jina la somo ni aRITHmetik, na "arsenic" ile sumu ni ASenik. Wachache.)

Kundi la pili ndo linalotutesa, linataka silabi ya tatu kutoka mwisho, kitu ambacho ulimi wa Kiswahili haukizoei. Humo kuna "-logy", "-graphy", "-metry", "-nomy", "-scopy", "-ity", "-ectomy", pamoja na "-lysis" na "-thesis". baiOloji, jiOgrafi, jiOmetri, asTROnomi, maiKROskopi, tokSIsiti, apenDEktomi, elekTROlisis, haiPOthesis, fotoSINthesis. Soma tena hiyo orodha kwa sauti, taratibu, hesabu nyuma kwa vidole. Utaona ni mdundo mmoja. Sisi tunasema teknoloJIa, saikoloJIa, jiograFIa, na mtoto aliyekulia na mdundo huo akikutana na "technology" anatafuta mahali pa kukanyaga karibu na mwisho. Akiambiwa tu kwamba hii familia inakanyaga ya tatu, inatosha, hana haja ya kukariri kila moja kivyake kama namba za simu.

Hapa sasa kuna mtego ambao ndio ulioniangusha mimi na ndio uliomwangusha mpwa wangu. "Tuberculosis" inaishia na "-sis", "electrolysis" nayo inaishia na "-sis", mbona moja inakanyaga ya pili na nyingine ya tatu? Kwa macho zinafanana. Jibu liko mbali sana, liko kwa Warumi. Kilatini kilikuwa na sheria yake ya mkazo: angalia silabi ya pili kutoka mwisho, ikiwa ndefu au nzito, mkazo unakaa hapohapo, ikiwa fupi mkazo unarudi nyuma kwa ya tatu. Maneno mengi ya sayansi yametengenezwa kwa mizizi ya Kigiriki lakini yamepitia mlango wa Kilatini kabla ya kufika Uingereza, kwa hiyo yakachukua mkazo wa Kilatini. Ile "o" ya "-osis" kwa Kigiriki ilikuwa omega, o ndefu, ndo maana inashika mkazo. Ile "i" ya "-itis" nayo ilikuwa ndefu, inashika. Ile "y" ya "lysis" ilikuwa fupi, haikuweza kushika, ikausukuma mkazo nyuma. Ile "e" ya "thesis" nayo ilikuwa fupi, hivyohivyo. Yaani mtoto wa kidato cha pili kwenye dawati la Mbeya leo anakosea au anapatia kutokana na urefu wa irabu uliokuwa midomoni mwa watu miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Mimi nilipolijua hili nilikaa kimya muda mrefu. Na kuna sababu nyingine ya kukosea, nayo ina akili ndani yake: Kiingereza kina kitenzi "lyse", kinatamkwa laiz, sasa mtu anayejua laiz kwa nini asiseme LAIsisi? Anafikiri vizuri tu, amekosa taarifa.

Twende kwenye konsonanti. "Electric" ni iLEKtrik, mwisho wake ni k. Weka "-ity": ilekTRIsiti, ile k imekuwa s. Weka "-ian": ilekTRIshen, imekuwa sh. Herufi kwenye maandishi ni c ileile muda wote, inayogeuka ni sauti, na kinachoigeuza ni mkia unaoanza na "i". Wanafunzi wengi wanaona hii ni fujo ya Kiingereza. Lakini hebu tujiangalie. Pika, mpishi. Fuata, mfuasi. Penda, mpenzi. Iba, mwizi. Kitenzi kinaishia na k, t, d, b, tukiweka mkia wa "-i" kutengeneza jina la mtu, konsonanti inalainika inakuwa sh, s, z. Hakuna aliyetufundisha, tunasema tu. Sababu inafanana: ukitamka "i" ulimi unapanda juu na kusogea mbele, na konsonanti iliyo jirani nayo inavutwa huko. Historia za lugha hizi mbili hazijakutana hapo kabisa, ni mdomo wa binadamu tu ndo uleule. Ningekuwa naandika kitabu cha Kiingereza cha sekondari ningeanza na pika na mpishi ukurasa wa kwanza kabla hata sijaitaja "electricity", maana mtoto akijua kwamba jambo hili analo tayari, uoga unapungua nusu.

Sio kila mkia unavuta. Ile ya Kiingereza cha asili, "-ness", "-less", "-ful", "-ing", "-ly", inakuja inakaa nyuma kimya, neno linabaki na mkazo wake wa mwanzo. Inayovuta ni mikia ya kuja, ya Kigiriki na Kilatini, na hata hiyo kuna ambayo imetulia. Kama "-ite" ya mawe. Hii naipenda kwa sababu inatuhusu. Jiwe lilipopatikana Mererani mwaka 1967 na kampuni ya Tiffany ikaliingiza sokoni mwaka uliofuata, wakachukua jina la nchi wakaliwekea mkia wa mawe: "tanzanite", TANzanait, mkazo umebaki kichwani. Sisi tunaiita tanzanaIti kwa sheria yetu. Halafu kuna madini mengine watu wengi hawayajui, yanapatikana kwenye lava ya Ol Doinyo Lengai, yanaitwa "nyerereite", jina la Mwalimu likiwa na mkia uleule wa "-ite". Huu mkia ulianzia kwa Wagiriki, walikuwa wakisema jiwe la kitu fulani, kama "haematite", jiwe la damu. Sasa sikia hii: upande wa kike wa mkia huohuo kwa Kigiriki ndo ulikuwa "-itis", uliokuwa ukiambatana na neno la ugonjwa, kwamba ugonjwa wa viungo, ugonjwa wa ini, baadaye madaktari wakaupa maana ya muwako peke yake. Kwa hiyo tanzanaiti na hepatitisi ni ndugu wa damu. Ndugu mmoja anavuta mkazo, mwingine hauvuti.

Kwenye kemia mikia imebeba mzigo mzito zaidi ya matamshi. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walikaa wakapanga upya majina ya kemia, na moja ya mambo waliyoweka ni kwamba mkia useme kilichomo. Ndo maana leo tuna "sulphate", "sulphite" na "sulphide". Ya kwanza ina salfa na oksijeni nne, ya pili salfa na oksijeni tatu, ya tatu haina oksijeni hata moja. SALfeit, SALfait, SALfaid. Hapa mkazo hauhami, uko kichwani kwa zote tatu, na hiyo ndo hatari yenyewe, kwa sababu sehemu iliyobeba tofauti ndo sehemu isiyopewa nguvu. Mtoto wetu anasikia salfaiti na salfaidi zinapita haraka, anaandika yoyote. Kwenye mtihani amepoteza alama, kwenye maabara amechukua chupa nyingine. Mwalimu wa kemia akitamka haya maneno mbele ya darasa naomba azidishe ule mwisho, apige t iwe t na d iwe d, hata kama Mwingereza hazidishi.

Na herufi moja tu kwenye mkia inaweza kuhamisha kila kitu. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy mwaka 1812 aliandika "aluminum". Waingereza wenzake wakaona haifanani na sodium na potassium na magnesium, wakataka iwe "aluminium". Wamarekani leo wanasema aLUminam, Waingereza wanasema aluMIniam. Hesabu nyuma utaona zote mbili zimekanyaga silabi ya tatu, kanuni haijavunjika popote, ni ile "i" iliyoongezwa imeisogeza ya tatu ikawa nyingine.

Kuna ugomvi mwingine ambao hata wenye lugha hawajaumaliza, wa "kilometre". Wapo wanaosema KIlomita, wapo wengi wanasema kiLOmita. Wa kwanza wana hoja nzuri: vipimo vyote vinakanyaga kichwa, SENtimita, MIlimita, KIlogram. Wa pili wamevutwa na vifaa, thaMOmita, baROmita, spiDOmita, ambavyo viko kwenye lile kundi la ya tatu. Kazini kwangu tofauti hii ni ya kweli sio ya mabishano ya kijiweni. Kifaa cha kupimia unene wa kitu kidogo ni maiKROmita. Kipimo chenyewe, sehemu moja ya milioni ya mita, ni MAIkromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama MAIkromita 7 hivi. Maneno mawili yanayokaribia kuandikwa sawa, na kinachoyatenganisha mdomoni ni mahali pa mkazo tu. Sisi tukisema kiloMIta kwa Kiswahili tuko sawa, hatumo kwenye huo ugomvi.

Nikija kwenye dawa, hapa ndo nataka hata asiye mwanafunzi asikilize. Toka mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha za majina ya dawa yanayotumika dunia nzima, na kwenye hayo majina dawa za ukoo mmoja zinapewa kipande kimoja, mara nyingi mkiani. Watu wanaona "azole" nyingi kwenye duka la dawa wanadhani ni kitu kimoja, hapana, angalia kipande kabla yake. "-bendazole", kama albendazole na mebendazole, ni za minyoo. "-prazole", kama omeprazole na lansoprazole, za kupunguza asidi ya tumbo. "-conazole", kama fluconazole na ketoconazole, za fangasi. "-nidazole", kama metronidazole na tinidazole, za amiba na baadhi ya bakteria. Mama mmoja alinionyesha vidonge vyake viwili, fluconazole na omeprazole, akawa na wasiwasi amepewa dawa moja mara mbili. Nikamwonyesha kwa kucha pale palipo na tofauti, akaelewa kwa sekunde tano. Na matamshi yake yote yanakaa ya tatu kutoka mwisho, alBENdazol, oMEprazol, fluKOnazol, metroNIdazol, wakati "-cillin" na "-mycin" zinakaa ya pili, amoksiSIlin, azithroMAIsin. Makundi yetu mawili tena, hadi kwenye rafu za dawa.

Najua wapo watakaosema tuache kuhangaika na Kiingereza cha watu, tufundishe sayansi kwa Kiswahili yote haya yaishe. Nawaelewa na nusu ya moyo wangu iko nao. Neno kama usanisinuru nalipenda kuliko "photosynthesis", mtoto analiona lote, usanisi huu hapa, nuru hii hapa, hahitaji Mgiriki. Upungufu wa damu ni neno linalomwambia bibi yangu ugonjwa wake wakati "anaemia" haimwambii chochote. Ila kwa sasa mtoto anayetoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza anakuta biolojia, kemia na fizikia vimeandikwa kwa Kiingereza, mtihani wa Kiingereza, na hata siku tutakapobadilisha, boksi la dawa na mashine ya maabara vitaendelea kuja na mikia yake. Kumnyima huyu mtoto kanuni kwa sababu tunasubiri sera naona ni kumwonea.

Pia sitaki mtu aelewe kwamba nadai tuongee kama watu wa London. Hapana kabisa. Irabu zetu tano tuzitamke zote kamili, a e i o u, hatuna haja ya kumeza chochote, "biOloji" ya Mswahili yenye o mbili zilizonyooka inaeleweka popote duniani. Kinachofanya usieleweke ni mkazo ukikaa pasipo pake, kwa sababu msikilizaji wa Kiingereza analitambua neno kwa mdundo wake, ukiubadilisha mdundo anatafuta neno jingine kichwani ambalo halipo. Lafudhi ni ya mtu, ibaki. Tukiwa na nguvu ya kurekebisha kitu kimoja tu, basi iwe huo mkazo.

Hivi kuna lile neno ambalo wanafunzi wanapenda kutishana nalo, la herufi 45, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, na alilitunga makusudi liwe refu. Lisome kuanzia mkiani uone linavyokuwa dogo. "-osis", hali ya ugonjwa, mkazo mkuu unakaa hapo kwenye o. Kabla yake "coni", vumbi kwa Kigiriki. Kabla yake volkano, kabla yake silika (yale madini ya mchanga), kabla yake kidogo cha kuonekana kwa hadubini, kabla yake "ultra", kupita kiasi, na kichwani kabisa mapafu. Ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi laini sana la silika. Neno lenyewe ni la kutunga lakini ugonjwa upo, madaktari wanauita "silicosis", siliKOsis, na wachimbaji wa Mererani waliovuta vumbi la mashimo miaka mingi wanaujua kuliko mtu yeyote aliyewahi kulikariri lile neno.

Nirudi kwa mpwa wangu. Nilichukua karatasi nikamchorea safu mbili, za ya pili na za ya tatu, tukajaza kwa maneno ya daftari lake mwenyewe, ikachukua kama dakika arobaini na chai ikapoa. Halafu nikatoa neno ambalo hajawahi kuliona, "cholecystectomy", nikamwambia soma. Akaweka kiganja akaufunika mwanzo wote akabakiza "-ectomy", akahesabu nyuma kwa vidole, akaanza kulifunua taratibu, kolesisTEktomi. Sawasawa. Akasema, "Anko, hapa kuna kitu kimekatwa kikatolewa, ila sijui ni kitu gani." Nikamwambia kifuko cha nyongo. Akaandika.

Jumapili jioni akanitumia voisi. Alikuwa ameingia kwenye biolojia, akakuta "metamorphosis", ile ya kiwavi kuwa kipepeo, akaona "-osis" akakanyaga ya pili, metamoFOsis, sauti imejaa furaha. Ikabidi nimpigie. Nikamwambia hili ni mwasi, limezoeleka kwa mkazo wa ya tatu, metaMOfosis, na wewe hujakosea hesabu hata kidogo, kanuni umeitumia inavyotakiwa. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi inafunuliwa, akasema anafungua ukurasa wa nyuma wa daftari aandike waasi peke yao, nimtajie na wengine. Nikamtajia "arithmetic" na "arsenic", akasema mistari bado ipo mingi.